Torenti, bando la usiku na amri chache za Linux

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilihitimisha rasmi huduma yake kwa Windows 10. Kwa watu wengi hapa Shinyanga siku hiyo ilipita kama siku nyingine. Sisi tunaosimamia chumba cha kompyuta tulibaki na mashine 11 za msaada, zote zikiwaka vizuri, ambazo Windows 11 inazikataa kwa sababu ya umri wake. Padre Prokureta alikuja akazitazama, akauliza kwa upole: "Sasa mafrateri, hizi tunazitupa?"

Fundi mmoja mjini alikuwa tayari kutuwekea Windows 11 ya kuchakachua kwa bei ndogo kila mashine. Tulikataa, na si kwa sababu ya sheria peke yake. Mmoja wetu alipokuwa parokiani kwa mwaka wa uchungaji aliona mwisho wa njia hiyo. Kompyuta ya ofisi iliwekewa programu ya namna hiyo, na haikupita miezi miwili mafaili yote ya orodha ya ubatizo yakawa hayafunguki. Ilikuwa kazi ya miaka mitatu ya kuchapa. Daftari la karatasi lilikuwepo, kwa hiyo hakuna aliyepoteza ubatizo wake, lakini katibu wa parokia alianza upya tangu jina la kwanza.

Njia iliyobaki ilikuwa Linux, ambayo ni bure na ni halali. Faili la kusimikia Linux Mint lina ukubwa wa karibu gigabaiti 3, na DVD ya kwanza ya Debian inazidi hapo kidogo. Tulijaribu kulipakua kwa kivinjari mara tatu. Mara ya kwanza umeme ulikatika likiwa limevuka nusu, na kivinjari kikaanza upya kutoka sifuri. Mara ya pili mtandao ulipotea mvua ilipoanza. Mara ya tatu faili lilifika lote, tukafurahi, tukaliandika kwenye flashi, mashine ikakataa kuwaka nalo: lilikuwa limeharibika njiani na hakuna aliyetuambia. Bando lilikuwa limekwisha, na Linux hatuna. Ndipo shemasi wetu, ambaye laptopu yake ilikuwa na Debian tangu zamani, akasema tuache kivinjari tutumie torenti.

Makala hii inaeleza tulivyofanya. Inamhusu frateri mwenye laptopu, na inamhusu pia mwamini wa parokia iliyoko mbali na mnara wa simu, ambaye megabaiti kwake ni fedha.

Viroba kutoka mashimo mengi

Unapopakua faili kwa kawaida, unalivuta kutoka seva moja, kwa kamba moja, tangu mwanzo hadi mwisho. Kamba ikikatika, mara nyingine unaweza kuendelea ulipoishia na mara nyingine huwezi. Na hata likifika, kompyuta haijui kama kilichofika ndicho kilichotumwa.

BitTorrent, kanuni aliyoitoa Bram Cohen wa Marekani mwaka 2001, inafanya tofauti. Aliyewahi kukaa Rwamgasa au Nyarugusu ameona mawe yakitolewa shimoni. Hakuna anayengoja jabali zima litoke kwa mkupuo. Mawe hujazwa kwenye viroba, viroba huvutwa juu kimoja kimoja, na kila kilichofika juu ni mali iliyookolewa hata kama shimo litajaa maji jioni. Na kabla ya kupeleka mzigo kwenye karasha, mchimbaji mzoefu huponda jiwe kidogo na kulipepeta majini kwenye karai aone kama lina kitu.

Torenti ni hivyo hivyo. Faili kubwa hukatwa vipande vya ukubwa mmoja, kwa kawaida kati ya kilobaiti 256 na megabaiti chache. Kabla ya kupakua chochote unachukua faili dogo sana linaloishia na .torrent, lenye kilobaiti kadhaa tu. Humo mna majina ya mafaili, ukubwa wake, na hashi ya kila kipande. Hashi ni namba ndefu inayokokotolewa kutoka kwenye kipande chenyewe. Ukibadili herufi moja tu, namba yote inabadilika. Kipande kikifika, programu inakokotoa hashi yake na kuilinganisha na ile iliyoandikwa. Zikilingana, kipande kinahifadhiwa. Zisipolingana, kinatupwa na kuombwa upya kwa mtu mwingine. Faili letu la mara ya tatu, lile lililofika bovu, lisingeweza kupita hapa.

Vipande havitoki mahali pamoja. Vinatoka kwa kila mwenye faili hilo aliye hewani wakati huo, awe Berlin au Nairobi, na havifuati mpangilio: cha 900 kinaweza kufika kabla ya cha 4. Ndiyo maana faili likiwa asilimia 60 usitegemee kufungua nusu yake. Nawe, kadiri unavyopokea, unawapa wengine vipande ulivyonavyo. Hapo mfano wa viroba unafikia kikomo, kwa sababu kiroba ukimpa jirani umebaki bila, lakini kipande cha faili ukikitoa bado unacho.

Kuna pia viungo vinavyoanza na neno magnet. Hivyo havina orodha ya vipande ndani yake. Vina hashi moja tu ya kuitambulisha torenti, na programu inazunguka kutafuta watu wenye orodha yenyewe. Kwenye mtandao dhaifu tumeona vikizunguka robo saa bila hata kujua jina la faili. Penye faili la .torrent, chukua hilo.

Jina baya

Ukitaja torenti Kahama au Katoro, wengi watafikiri filamu za vibanda umiza na nyimbo za kujaziwa kwenye memori kadi pale steshenari. Jina hilo baya halikuja bure. Watu wengi duniani wametumia torenti kugawana kazi za wengine bila ruhusa, na hapa kwetu jambo hilo linagusa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, pamoja na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Torenti inaongeza uzito wa kosa: kwa kuwa unatoa huku ukipokea, huwezi kusema ulikuwa mtazamaji tu. Ulikuwa pia msambazaji.

Wanaotuuliza kama torenti ni dhambi tunawaambia waulize kwanza mwenye kazi alisema nini. Watengenezaji wa Debian wanaziweka torenti wao wenyewe na wanapenda tuzitumie, maana kila anayegawa anaipunguzia mzigo seva yao. Wikipedia imetolewa kwa leseni inayoruhusu kunakili. Vitabu vya sauti vya LibriVox, mradi ulioanza mwaka 2005, vinasomwa na watu wanaojitolea kutoka kwenye maandishi ambayo hakimiliki yake imekwisha nchini Marekani. Kuna kazi ya kutosha miaka mingi kabla hujaishiwa vitu halali.

Kutafuta

Zipo programu za terminali zinazotafuta torenti katika tovuti nyingi kwa mara moja. Hatuzitumii. Tulijaribu moja, na katika matokeo kumi ya kwanza ya neno "linux" hatukuweza kuthibitisha ni nani aliyeziweka hata mbili. Hashi inakuhakikishia kwamba umepata kile alichokiweka mtoaji. Haikuhakikishii kwamba mtoaji ni mtu mwema. Kwa hiyo tunakwenda kwa mwenye mali moja kwa moja.

Kwa Debian tunatumia lynx, kivinjari cha maandishi matupu kinachofanya kazi ndani ya terminali. Hakifungui picha wala matangazo, kwa hiyo kinakula data kidogo mno:

lynx https://cdimage.debian.org/debian-cd/current/amd64/bt-dvd/

Shuka kwa mishale hadi kwenye faili la DVD-1 linaloishia na .torrent, bonyeza herufi d, lihifadhi. Wenye mashine za zamani kabisa za biti 32 watambue kwamba Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena faili la kuzisimikia. Kwa hizo rudi kwenye Debian 12.

Kwa Wikipedia ya kusoma bila intaneti kuna mradi wa Kiwix. Mafaili yake yanaishia na .zim na yako download.kiwix.org, ndani ya folda ya zim. Ukiongeza .torrent mwishoni mwa anwani ya faili lolote, unapata torenti yake. Wikipedia ya Kiswahili ina makala zaidi ya 80,000, na jina la faili lake linaanza na wikipedia_sw. Ile ya Kiingereza yenye picha zote inazidi gigabaiti 100, usiiguse kwa bando la simu.

Kwa vitabu vya sauti na maandiko ya kale, maktaba ya Internet Archive ina amri yake yenyewe ya kutafutia, inayoitwa ia:

sudo apt install internetarchive
ia search 'collection:librivoxaudio AND creator:augustine' --itemlist

Inakurudishia orodha ya vitambulisho. Chukua kimoja, kiweke mara mbili katika anwani hii mahali penye KITAMBULISHO:

wget https://archive.org/download/KITAMBULISHO/KITAMBULISHO_archive.torrent

Torenti za maktaba hii zina faida moja: seva zake zenyewe zinatoa vipande, kwa hiyo hata kama hakuna mtu mwingine hewani, faili litakuja.

Kabla ya kuanza, pima

Programu tuliyoichagua ni Transmission. Iko nyepesi kiasi cha kutosha kwa mashine yenye gigabaiti 2 za kumbukumbu.

sudo apt install transmission-cli transmission-daemon
sudo systemctl disable --now transmission-daemon

Mstari wa pili unazima huduma inayojianzisha kwa jina la mtumiaji mwingine. Sisi tunataka iendeshwe kwa jina letu ili mafaili yawe yetu bila kuhangaika na nywila.

Amri iliyotuokolea bando kuliko zote ni hii, nayo haipakui chochote:

transmission-show faili.torrent

Inaonyesha ukubwa wa jumla na kila faili lililomo. Tulipoitumia kwa mara ya kwanza kwa kitabu kimoja cha sauti tuliona sura zile zile zimewekwa mara tatu, kwa viwango vitatu vya sauti. Tungeichukua yote kumbe tunahitaji ile ndogo tu, ambayo kwa sauti ya mtu anayesoma inatosha kabisa.

Kisha washa programu na uipe torenti:

transmission-daemon -w ~/mizigo
transmission-remote -a faili.torrent
transmission-remote -l

Amri ya mwisho inaleta orodha: namba ya torenti, asilimia iliyofika, muda uliobaki, kasi. Tuseme torenti yako ni namba 1. Kuona mafaili yaliyomo ni -t 1 -f, na kila faili lina namba yake kuanzia 0. Kuyakataa yote na kisha kuchagua mawili ni hivi:

transmission-remote -t 1 -G all
transmission-remote -t 1 -g 3,5

Kusimamisha ni -t 1 -S, kuendelea ni -t 1 -s. Herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja hapa, na tumeshuhudia frateri akiomba msaada nusu saa kwa sababu hiyo tu.

Kuhusu jina. Waseminari wa mwaka wa kwanza wanapoona neno daemon kwenye skrini ya seminari huwa wanatuangalia kwa wasiwasi. Neno hilo liliingizwa katika kompyuta mwaka 1963 na wataalamu wa Project MAC katika chuo cha MIT, Marekani. Walilitoa kwa mwanafizikia Maxwell, aliyewaza kiumbe mdogo anayepanga chembe za hewa bila kuchoka. Kabla yake, kwa Wagiriki, daimon alikuwa roho wa kati na kati, si lazima mbaya. Wanaosoma falsafa watakumbuka Sokrate akizungumzia sauti yake ya ndani katika Apologia ya Plato. Kwenye kompyuta maana yake ni mhudumu anayefanya kazi nyuma ya pazia bila kuitwa kila mara. Mlezi mmoja alisikiliza maelezo haya yote, akasema: "Sawa, lakini asiandike jina hilo ubaoni."

Saa za usiku

Sasa tunafika penye fedha. Bando la usiku ni nafuu kuliko la mchana, lakini hakuna anayetaka kukesha akilinda kompyuta. Linux ina cron, mtunza ratiba anayetekeleza amri kwa saa uliyompa. Unaandika crontab -e na kuongeza mistari.

Mara ya kwanza tuliandika mwanzo saa 6 na mwisho saa 11. Mswahili yeyote angeelewa: saa sita usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Kompyuta si Mswahili. Inahesabu kutoka usiku wa manane, kwa hiyo 6 kwake ni saa kumi na mbili asubuhi na 11 ni saa tano asubuhi. Usiku kucha haikufanya lolote. Ikaanza kazi kwa bidii sisi tukiwa kwenye Misa, kwa bando la mchana, na hadi kengele ya chai bando la wiki nzima lilikuwa limekwisha. Padre Prokureta hakusema neno, ila alitaka kujua cron ni nani.

Ratiba sahihi, kwa saa za kompyuta, inaanza 0 na kuishia 5. Lakini kulikuwa na tatizo la pili lililotuchukua muda kulielewa. Umeme ukikatika saa tisa usiku na kurudi saa mbili asubuhi, programu inaamka na kuendelea pale ilipoishia, mchana, kwa bando la mchana. Na ukirudi saa tisa na nusu usiku, ile amri ya kuanza ya usiku wa manane imekwisha kupita. Mistari mitatu inatibu yote mawili:

@reboot transmission-daemon --paused -w /home/frateri/mizigo
*/10 0-4 * * * transmission-remote -t all -s
0 5 * * * transmission-remote -t all -S

Wa kwanza unaiwasha programu kila kompyuta inapowaka, torenti zote zikiwa zimesimama. Wa pili, kila dakika 10 kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja kasoro dakika kumi, unaziamuru ziendelee. Kama tayari zinaendelea, hakuna kinachobadilika. Wa tatu unazisimamisha zote saa kumi na moja alfajiri. Badala ya /home/frateri weka njia yako mwenyewe, na saa zilinganishe na za bando lako, kwa maana kila mtandao una saa zake na huzibadilisha. Ili pia torenti unayoiongeza mchana isianze mara moja, funga programu kwa transmission-remote --exit, fungua faili la settings.json lililo ndani ya ~/.config/transmission-daemon, na kwenye start-added-torrents weka false.

Kompyuta yenyewe ijiwashe umeme ukirudi: hilo linawekwa kwenye BIOS, na si mashine zote zinalo. Laptopu yenye betri nzima haina shida hiyo, ila modemu au ruta itazimika, na hilo torenti inalivumilia.

Usisahau kwamba unachotoa kinahesabiwa kwenye bando pia. Ukiruhusu kilobaiti 20 kwa sekunde, kwa saa 5 umetoa megabaiti 360. Sisi tumeweka 5, ambayo ni megabaiti 90 kwa usiku:

transmission-remote -u 5

Kuna wanaosema kutoa kidogo hivyo ni uchoyo. Tunadhani mwenye nyaya za bei nafuu atoe kingi na mwenye bando atoe kwa kadiri yake. Mjane wa Injili alitoa senti mbili. Kwa upande wa kupokea, ili gigabaiti 3 ziingie kwa saa 5 unahitaji wastani wa kilobaiti 167 hivi kwa sekunde. Tulikuwa hatufiki hapo. Faili letu lilichukua usiku nne, umeme ukikatika mara mbili katikati, na asubuhi ya tano orodha ikaandika 100%.

Kabla ya kulitumia tulilinganisha pia na orodha ya hashi iliyoko kwenye tovuti ya watengenezaji, SHA256SUMS, tukiwa ndani ya folda yenye mafaili yote mawili:

sha256sum -c --ignore-missing SHA256SUMS

Jibu linalotakiwa ni OK. Kuandika faili hilo kwenye flashi na kulisimika ni makala ya mwezi mwingine. Mashine zote 11 zinafanya kazi.

Faili linalosafiri kwa basi

Ndani ya chumba chenye mtandao wa ndani, torenti ina zawadi nyingine. Ukiandika transmission-remote --lpd kwenye kila mashine, zinatambuana zenyewe na kupeana vipande kupitia waya wa ndani bila kugusa bando. Kabla ya likizo tulipakua Maungamo ya Mtakatifu Augustino ya LibriVox kwenye mashine moja, tukampa kila mwenye laptopu lile faili dogo la .torrent, na mafrateri wengi wakaondoka nayo ingawa yalipakuliwa mara moja tu. Yamesomwa kwa Kiingereza, ndiyo. Sauti ya Kiswahili inasubiri watu wa kusoma.

Lakini kilichotushangaza zaidi ni hiki. Parokia moja upande wa Katoro ilikuwa na shida kama yetu, na mtandao dhaifu kuliko wetu. Tuliweka faili la Linux Mint kwenye flashi, pamoja na .torrent yake, tukampa mseminari aliyekuwa anakwenda nyumbani: basi la Kahama, kisha la Geita, kisha Katoro. Flashi ilikuwa ya bei ya chini, na faili lilifika likiwa na dosari. Katibu alipolipima kwa sha256sum aliambiwa halifai. Alitupigia simu amekata tamaa: "Mafrateri, nirudishe flashi kwa basi?"

Hakukuwa na haja. Tulimwambia aweke faili kwenye folda ya mizigo kwa jina lile lile, aongeze torenti, kisha aandike:

transmission-remote -t 1 -v

Hiyo inaipima kila kipande upya. Baada ya dakika chache orodha ilionyesha 98%. Vipande vizima vilibaki, vibovu vikatupwa, na usiku ule ule alipakua asilimia 2 iliyobaki, yaani megabaiti 60 hivi badala ya gigabaiti 3. Kwa kivinjari angeanza upya yote.

Mambo mawili kwa atakayefanya hivyo. Flashi nyingi za dukani zimeandaliwa kwa FAT32, isiyopokea faili moja linalofikia gigabaiti 4. Kwa mafaili makubwa ya Wikipedia iandae upya kwa exFAT. Na ukimaliza, kuiondoa torenti kwenye orodha huku faili likibaki ni -t 1 -r. Ukiandika -rad inafuta na faili lenyewe, haikuulizi mara mbili, na usiku nne zako zinaondoka nalo.

Atakayekwama atukute chumba cha kompyuta Jumamosi mchana baada ya usafi. Aje na chaja yake.